Mtani Aliyekamata Tairi la Tela

Nyie vijana mnaopita hapa na matela yenu mkipiga honi, nawaona. Mie nimekaa zangu barazani, na macho yangu hayaendi kwenye kichwa cha lori kilichopakwa rangi na kuandikwa maneno. Yanakwenda chini, nyuma kabisa, kwenye magurudumu ya tela. Mara nyingi nikishayaona humwambia mke wangu, "Yule hafiki Chalinze." Yeye hunijibu niache kuwaombea watoto wa watu mabaya. Siwaombei mabaya. Nilianza kuvuta tela siku za Mwingereza, na ninayoyajua nilifundishwa na watu ambao leo hawapo. Bora niyaseme kuliko kuja kuzikwa nayo.

La kwanza ni hili: tela halina mdomo. Tairi la mbele la lori likianza kufa litakuambia. Usukani utavuta upande, utatetemeka mikononi, utausikia hata kwenye meno. Tairi la tela halisemi neno. Linakufa huko nyuma kimya kimya, wewe uko mbele unapiga mluzi. Watakaokuambia ni watu wa barabarani, nao si lazima uwaelewe.

Mie sikuwaelewa. Ndio kwanza nilikuwa nimekabidhiwa lori, nabeba mawe kutoka upande wa Wazo kuyaleta Kinondoni, ambako nyumba zilikuwa zinaota kama uyoga. Njia yote ilikuwa vumbi na mikorosho. Siku hiyo kila niliyempita alinipungia mkono. Wauza mihogo walipunga, wanawake wenye mizigo ya kuni walipunga, na bwana mmoja alivua kofia kabisa akaipepea juu. Nikajiona nimeshakuwa mtu. Nami nikawapungia, mkono mzima nje ya dirisha, na honi nikawapigia. Nilipokaribia Kijitonyama ndipo harufu iliponifikia, na kugeuka nyuma naona moshi kama wa tanuri la chokaa. Tairi lilishapasuka zamani, vipande vyake nimevisambaza njia nzima, rimu inalima barabara, na mawe mengi yamebaki huko kwa wale walionisalimia.

Tajiri wangu, Mzee Mwinshehe, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwani hukuwaona watu?"

"Niliwaona, mzee."

"Wakasemaje?"

"Walikuwa wananisalimia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo uwanja wake wote pale Temeke wakaniita Gavana, kwa kuwa nilipita nikiwapungia wananchi. Jina lenyewe lilidumu kuliko lile lori.

Mzee Mwinshehe alikuwa Mzaramo mwenzangu, mtu wa moyo mkunjufu na mkono usiofumba. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alipenda kitu king'ae. Kanzu yake ing'ae, kofia ing'ae, kengele ya baiskeli yake nayo ing'ae. Alikuwa na lori moja na tela la magurudumu mawili, na alifuata desturi ya wenye malori wote wa siku zile: tairi jipya hufungwa kwenye lori, likichakaa linapelekwa kwenye tela. Walikuwa na hoja yao. Tela halina injini, halisukumi, halikati kona lenyewe, linafuata tu. Basi tela likawa mtoto wa kambo, kila siku linakula makombo.

Aliyenifungua macho alikuwa fundi tairi wetu, Maganga, Mnyamwezi wa upande wa Tabora, mfupi, mwenye viganja vipana kama sahani. Yeye alikuwa na kirungu cha mpingo. Asubuhi kabla jua halijapanda alizunguka tela akiligonga kila tairi, kisha anainamisha sikio. Tairi zima lenye upepo wake hurudisha kirungu haraka na kutoa sauti kavu. Lililopungua upepo hutoa sauti ya kugonga gunia. Lililoachana tabaka kwa ndani hutoa sauti mbili, ya kwanza na nyingine ndogo inayoifuata nyuma. Mie ilinichukua muda mrefu kuisikia hiyo ya pili. Yeye alikuwa anaisikia huku anatafuna muhogo.

"Gavana," aliniambia, "lori lina dereva wa kulilinda. Ukiona shimo unalikwepesha. Tela nani analikwepesha? Shimo ulilokwepa wewe, lenyewe linaingia. Ukikata kona, lenyewe linapanda ukingo. Sasa niambie nani anastahili tairi zuri."



Yeye ndiye aliyenifundisha kununua tairi kwa kulitazama ubavu. Nyie mnatazama kashata, zile kata za juu zinazoshika ardhi. Kashata zikiwa ndefu mnafurahi, mnatoa fedha. Kashata ni soli tu, na mzigo haubebwi na soli, unabebwa na ubavu. Liinamie tairi, ubonyeze ubavu kwa dole gumba, ukunje mpira utazame. Ukiona nyufa nyembamba kama za ngozi ya kisigino kikavu, liache, hata kama kashata zake hazijawahi kugusa barabara. Siku hizi mmerahisishiwa, maana tarehe ya kuzaliwa imeandikwa ubavuni, na uzito linaoweza kubeba umeandikwa, na kuna matairi yanayotengenezwa kwa ajili ya tela tu, yenye ubavu mgumu. Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea maandishi hayo. Nikamuuliza, kama yote yameandikwa, mbona bado naokota vipande vya tairi mbele ya nyumba yangu? Akasema watu hawasomi.

Maganga alikuwa na mengine. Ukisimama njiani, weka kiganja kwenye kila tairi. Lililo la moto kuliko wenzake lina shida, ama upepo mdogo ama mzigo umeliegemea. Na likiwa la moto usilipunguze upepo hata kidogo. Watu hufanya hivyo wakidhani wanalipumzisha, kumbe wanalimaliza, maana tairi lililolegea hujikunja zaidi, na likijikunja linazidi kuchemka. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Mzigo usiupange wote nyuma, tela litatikisa mkia na kukuyumbisha. Na kwenye tela la matairi pacha, usifunge mawili pamoja upande mmoja, moja jipya na moja kuukuu. Lile jipya ndilo refu, litabeba peke yake, mwenzake anasindikiza tu.

Sasa niwaeleze kisa chenyewe.

Baada ya ile vita kubwa kulikuwa na mnada wa vitu vilivyobaki vya jeshi. Mzee Mwinshehe akaenda, akarudi na tairi moja, amelikalisha kwenye rikwama kama mgeni wa heshima. Lilikuwa na kashata ndefu ajabu, halijawahi kutembea hata hatua. Tulikuwa tunahitaji la upande wa kushoto wa tela, basi tukaona Mungu ametuletea. Maganga akaligonga. Akaligonga tena. Akabonyeza ubavu.

"Mzee, hili limelala juani miaka. Limekufa likiwa bikira."

"Wee mpagazi," Mzee Mwinshehe akamjibu, "babu zako walibeba mizigo kwa kichwa kutoka Tabora mpaka pwani. Habari za tairi umezijulia wapi?"

Tukacheka wote, na Maganga naye akacheka. Nyie wa leo mnausikia utani tu, sie tuliuishi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukuambia lolote, hata mbele ya wakweo, na hukasiriki. Anaweza pia kukamata kitu chako, kwenye harusi au msibani, na hurudishiwi mpaka ukikomboe kwa sharti atakalolitaja. Ukikataa sharti, kitu ni chake. Ukikasirika, umejiaibisha wewe.

Ila utani una ubaya wake. Ukweli ukisemwa na mtani husikika kama mzaha. Maganga alisema lile tairi ni bovu, akajibiwa kwa utani. Akarudia, akatupiwa mwingine. Nami nilijaribu kusema, nikaambiwa Gavana akapungie watu.

Likaja jambo la harusi. Mzee Mwinshehe alikuwa anamwoza binti yake, Mwanahawa, na bwana harusi alikuwa mtu wa Mbagala. Tela likapangiwa kumpeleka bibi harusi, somo yake aliyemfunda, mama yake, mama yangu mzazi, na wanawake wa mtaa na masinia yao. Mzee mwenyewe angekaa mbele nami. Likasafishwa, likafungwa makuti na khanga juu. Kisha akaagiza lile tairi lipakwe mafuta ya nazi yaliyochanganywa na masizi ya chungu ili ling'ae. Wapwani sisi, kila kitu tunakipaka mafuta ya nazi, nywele, mtoto, mlango wa mvule. Lakini mafuta hulainisha mpira na kuuozesha, tena yanaziba zile nyufa zisionekane. Lilipopakwa likawa jeusi linawaka, na watoto wakaja kujitazama humo.

Maganga alilitazama, akaweka kirungu chake kwapani, akaondoka. Mie moyo haukutulia. Mnaijua Barabara ya Kilwa ilivyo leo, ina lami na daraja pana. Wakati ule ulipotoka Mtoni uliteremka kwenye mchanga na makorongo mpaka mto Kizinga, na daraja lilikuwa jembamba. Tairi la tela likipasuka kwenye mteremko ule, tela linapinda, linasukuma lori, na wote mnaingia mtoni. Nilimfikiria mama yangu mle ndani, na chakula cha harusi kikanishinda.

Adhuhuri wanawake walitoka na vigelegele, Mwanahawa yuko katikati amefunikwa shuka jeupe, anaongozwa na somo yake. Walipofika uwanjani vigelegele vikakatika. Tela lilikuwa limeegemezwa juu ya gogo upande wa kushoto, gurudumu halipo. Maganga alikuwa langoni amelikalia tairi, amejivika majani ya mnazi kichwani kama taji.

"Nimekamata," akasema.

Wazee wakaguna, vijana wakacheka. Mzee Mwinshehe alikasirika, nilimwona, mshipa wa shingo ulimsimama. Lakini watu walikuwa wengi na wote wanajua sheria, basi akalazimika kutabasamu.

"Haya, mpagazi. Unataka nini? Jogoo? Sinia la pilau?"

"Pilau nimeshakula."

"Basi nini? Watu wanangoja kule Mbagala."

"Nataka wewe usikae mbele na Gavana. Upande tela, ukae hapa kushoto, juu ya hili tairi lako, mpaka Mbagala. Ukipanda, nalifunga sasa hivi kwa mikono yangu."

"Mwanamume nikakae na wanawake wa harusi? Huna adabu wewe."

"Wape mgongo. Utazame barabara."

Watu walicheka, kisha kicheko kikapungua chenyewe. Kila mmoja alikuwa ameanza kuelewa anachoulizwa yule mzee. Wanawake wakalitazama tairi, wakamtazama yeye. Mzee Mwinshehe akalisogelea tela, akaweka mguu mmoja juu, akashika ubao kwa mkono. Hapo sauti ikatoka ndani ya shuka, ndogo sana. Bibi harusi siku ile hasemi, ndiyo desturi yetu, na somo yake alimfinya, nilimwona. Lakini alisema.

"Baba, panda basi, twende."

Yule mzee alibaki na mguu wake juu. Alitazama chini, pale penye gogo, mahali ambapo gurudumu lingekuwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alilifikiria lile tairi bila kutazama mng'ao wake. Akaushusha mguu.

"Sipandi," akasema. "Tairi ni lako. Fungeni lile la akiba."

La akiba lilikuwa la kijivu, kashata zake zimefika nusu, na Maganga alikuwa amelihifadhi kivulini chini ya turubai miezi mingi. Akaligonga, nikaisikia ile sauti kavu. Lilipofungwa, alipanda tela yeye mwenyewe, akakaa kushoto juu ya gurudumu, akawapa wanawake mgongo. Walimtania njia nzima, wakamwimbia kwamba bwana harusi wao ni mfupi. Niliteremka Kizinga polepole, gia ndogo, jasho linanitiririka. Hakikutokea kitu. Tulifika, masinia yakashushwa, mama yangu akashuka akilalamika kwamba nimeendesha kama nabeba mayai. Safari nzuri ndivyo ilivyo, haina la kusimulia, na mie napenda hizo.

Siku chache baadaye Maganga aliliweka lile tairi katikati ya uwanja, akachukua kisu, akaanza kulikata. Mzee Mwinshehe akaja na kiti chake, akakaa kutazama. Kisu kilipopita, tabaka za ndani ziliachana zenyewe. Maganga akashika nyuzi, akazivuta kwa vidole viwili, zikamkatikia mkononi kama mizizi ya muhogo uliooza. Mzee akachukua uzi mmoja, akauzungusha vidoleni kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, na tukasikia anamwambia mkewe atume mtu Mbagala akamjulie hali Mwanahawa.

Kutokana na kashata zile ndefu Maganga akajikatia makubadhi. "Kwa mguu wa mtu mmoja linatosha," aliniambia. Akayavaa miaka yote iliyofuata. Kila alipopita mbele ya baraza ya Mzee Mwinshehe alikanyaga kwa kishindo na kuita, "Mtani, tairi lako linakusalimu." Na mzee hujibu, "Mwizi wewe, nitalichukua tu." Lakini tangu siku ile, mpaka alipoacha biashara, tairi jipya likinunuliwa pale Temeke lilifungwa kwanza kwenye tela. Wenye malori wenzake walimcheka. Yeye aliwaambia lori lina dereva.

Maganga alifariki kabla bendera haijabadilika, kwa homa iliyomchukua upesi. Niliumia sana, na sioni haya kusema nililia njiani mpaka nikasimamisha lori. Watu walitoka kila upande, Wanyamwezi wenzake wa Ilala na Magomeni, na sie watani, kwa maana msiba wa Mnyamwezi bila Wazaramo haujatimia. Mie nilileta watu wa Mbagala kwa tela, na Mwanahawa akiwemo, na watoto wake mapajani.

Mzee Mwinshehe wakati huo alikuwa ameshazeeka, anatembea kwa mkongojo. Tuliporudi kutoka kuzika aliingia chumbani kwa marehemu, akatoka ameyavaa yale makubadhi. Akapita katikati ya waliokaa matanga, anakanyaga kwa kishindo, kifua mbele, mikono mbali na mwili, utadhani ni Maganga mwenyewe. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na waliocheka wakarudi kulia.

"Enyi wapagazi," akasema. "Tairi hili ni langu. Ndugu yenu alinikamatia siku ya harusi ya mwanangu. Leo nimelichukua."

Mzee mmoja wa Kinyamwezi akainua kichwa. Kisa hiki alikuwa anakijua, kila mtu alikuwa anakijua.

"Hujalikomboa," akasema. "Sharti ulilikataa."

"Nalijua sharti."

Akanigeukia mie, akaniuliza kama narudi Mbagala. Nikamwambia ndiyo, mzee, nawarudisha kina mama. Akaja mpaka kwenye tela, akampa Mwanahawa mkongojo, akaweka mguu mmoja juu pale alipouweka zamani. Safari hii hakuushusha. Tulimsukuma kidogo kwa nyuma, akakaa kushoto juu ya gurudumu, akawapa wanawake mgongo, makubadhi yake yananing'inia nje. Hakuna aliyemtania. Mwanahawa alikuja akakaa karibu naye, akamshika kanzu kwa nyuma asianguke, nami nilimsikia akisema polepole, "Twende, baba."

Nilichukua kile kirungu cha mpingo cha Maganga, nikalizunguka tela. Niligonga la kulia, nikainamisha sikio. Nikaja kushoto, chini ya miguu yake, nikaligonga, nikasikiliza. Mzee akainama kunitazama.

"Linasemaje, Gavana?"

"Zima, mzee."

"Basi endesha."